Kuinamisha macho si kukiri

Ninafanya kazi ya ushauri nasaha hapa Pemba, na swali linalonifika kuliko yote ni hili: nitamjuaje anayenidanganya? Anayeuliza huwa jibu keshakuja nalo: mwongo hakutazami usoni.

Msimu wa karafuu uliopita niliitwa nyumba moja upande wa Wete. Kijana wa miaka 15 alituhumiwa kuficha pishi mbili za karafuu. "Nitazame!" ami yake akamwamrisha. Kijana akaganda na jamvi, akawa anachomoachomoa ukingo wake kwa vidole vilivyoingia weusi wa karafuu.

"Umemwona?" ami akanambia.

Nilichomwona nacho ni malezi. Tangu anafundishwa shikamoo, mtoto huyu kaambiwa asimkodolee macho mkubwa. Leo adabu ile ile imekuwa hatia? Na hofu ya kutosadikiwa humtoa mtu jasho sawasawa na hofu ya kufichuliwa.

Mwaka 2006 wanasaikolojia Charles Bond na Bella DePaulo walijumlisha tafiti za watu zaidi ya 20,000 waliojaribu kutambua nani mkweli na nani mwongo. Kwa wastani walipatia asilimia 54. Ukirusha shilingi unapata 50! Mambo ya kushika pua na kukunja mikono sitayapotezea wino.

Nilimwomba ami atupishe. "Mwanangu, mkarafuu wa mwisho mlichuma upi? Kamba kashika nani?" Kisha nikamtaka anisimulie siku nzima kinyumenyume, kuanzia kwenye kupima kurudi asubuhi. Aldert Vrij, mtafiti wa Uingereza, ameifanyia kazi sana njia hii: kutunga uongo huilemea akili, na swali usilolitarajia huongeza mzigo. Nayo si mizani ya kuhukumia mtu. Faida yake ni kwamba hutoa mambo madogo madogo unayoweza kwenda kuyahakiki.

Alipofika alasiri, akasita. "Pakacha langu lilipasuka, mama. Zangu nikazimimina kwenye polo la dada."

Hilo hakuna aliyemuuliza. Wote walikuwa wanatafuta macho yake.

Dada alikuwa anaijua hesabu yake. Polo likapimwa upya uani, pishi kwa pishi, mbele ya ami: zilizidi mbili na kibaba. Ami akamwita kijana karibu, akamshika bega. Kijana akaja, macho bado yako chini.