"Mimi Nilirusha Jiwe Moja Tu": Kanuni ya Adhabu Inamhesabu Nani?

Kwenye taarifa za habari hili neno "wananchi wenye hasira kali" limezoeleka mpaka watu wanaona kama ni kikundi chenye kinga yake. Mtu anaitiwa mwizi stendi, muda si mrefu kashauawa, watu wanatawanyika na habari inaishia hapo. Kisheria haiishii hapo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria za Tanzania, haina mshtakiwa anayeitwa wananchi, inamtafuta mtu mmoja mmoja na kumuuliza maswali mawili tu: ulifanya nini, na ulikuwa na nia gani.

Sisi tunaotoa msaada wa kisheria tunasikia sana hii "jamani mimi nilirusha jiwe moja tu, aliyemuua ni yule mwenye nondo". Ndugu yangu, soma kifungu cha 23. Kwa lugha ya mtaani kinasema watu wawili au zaidi wakiwa na nia ya pamoja ya kufanya jambo lisilo halali, halafu katika kulifanya hilo jambo likatokea kosa ambalo lilitarajiwa kabisa kutokea, basi kila mmoja wao anahesabika kalitenda yeye. Na siyo lazima mlikaa kikao mkapanga, nia ya pamoja inaweza kuzaliwa palepale, kelele za mwizi zimepigwa umekimbilia ukaanza kupiga na wenzako, inatosha. Kwa hiyo mwenye nondo, mwenye jiwe na aliyemshika miguu asikimbie wote wanaweza kusimama kizimbani kwa kosa moja la kuua kwa kukusudia, kifungu cha 196, na adhabu yake kwenye kifungu cha 197 ni moja tu, kunyongwa. Anayepiga kelele "mchomeni huyo" bila kugusa mtu naye asijione mjanja maana kifungu cha 22 kinamkamata mtendaji, msaidizi na mshawishi, wote kapu moja.

Ila hapa watu huwa wanachanganya. Kuwepo tu eneo la tukio siyo kosa. Ulikuwa unapita, umesimama unashangaa, hukupiga wala hukuchochea, Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, haiwezi kukufunga kwa sababu ya macho yako, lazima ithibitishe ulishiriki na ithibitishe bila kuacha shaka yoyote ya msingi.

Sasa hiyo hasira kali yenyewe je? Ipo nafasi yake lakini ni nyembamba sana. Kifungu cha 201 kinasema aliyeua kwa jazba ya ghafla baada ya kuchokozwa, kabla damu haijapoa, kosa lake linashuka linakuwa kuua bila kukusudia, na hapo adhabu ya juu ni kifungo cha maisha. Uchokozi wenyewe lazima uwe umefanyiwa wewe, au mbele yako kafanyiwa mtu wako kama mke, mtoto, mzazi au ndugu. Simu ya mtu usiyemjua imeibiwa, wewe hasira yako inatoka wapi? Na yule anayetoka hapo akatafuta tairi, akaenda sheli kununua petroli akarudi nayo, huyo tena hasira ya ghafla hana, huyo kapanga.

Nia haionekani kwa macho, kwa hiyo mahakama inaisoma kwenye matendo. Katika rufaa ya Enock Kipela dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilitaja vitu vya kuangaliwa: silaha gani na ukubwa wake, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyopigwa, mapigo mangapi, majeraha ya aina gani, mshtakiwa alisema nini, na alifanya nini kabla na baada ya tukio. Ukimpiga mtu panga la kichwa mara tatu halafu useme ulikuwa unamtisha tu, kwa kweli itakuwa ngumu.

Pombe pia siyo tiketi, ukinywa mwenyewe kwa hiari yako unawajibika, japo kifungu cha 14 kinairuhusu mahakama kuangalia kama ule ulevi ulikufanya ushindwe hata kuwa na nia. Mtoto wa chini ya miaka 10 hawajibiki kabisa, wa chini ya 12 mpaka ithibitishwe alijua anachofanya ni kibaya. Ajali tupu, isiyo na uzembe, haikufungi. Kujilinda unaruhusiwa ila kwa nguvu ya kiasi, ukizidisha ile ziada ni yako.

Kuna kifungu kimoja nakipenda na watu hawakitumii, cha 9. Mna mgogoro wa shamba na jirani, wewe unaamini kabisa kwa moyo mweupe ni la kwenu, unaenda unavuna mahindi, kesho unaitwa Mahakama ya Mwanzo kwa wizi. Kama kweli uliamini ni haki yako na hukuwa na nia ya kudhulumu, hilo siyo jinai, mwambie hakimu wazi na hoja ya nani mwenye shamba ikaamuliwe kwenye vyombo vya ardhi.

Na mwisho kwa wale wa kuficha watu. Mtoto karudi usiku shati lina damu, kakusimulia kila kitu, unampa nauli akimbilie mkoani. Kifungu cha 387 kinakuhesabu msaidizi baada ya kosa. Sheria imewaachia mume na mke tu kufichana, mama, baba, kaka na dada hawamo.