Wasichana watano wa Yokohama: Japani ilipowapeleka mabinti kusoma Marekani

Tarehe 23 Desemba 1871, meli ya mvuke iitwayo America iling'oa nanga Yokohama kuelekea San Francisco. Ndani yake walikuwemo mabalozi wa serikali wakiongozwa na Iwakura Tomomi, wanafunzi wa kiume, na wasichana watano. Mdogo wao, Tsuda Ume, alikuwa na miaka 6. Alitimiza 7 wakiwa baharini.

Miaka michache kabla ya hapo, safari hiyo ingekuwa kosa la jinai. Mjapani aliyetoka nchini bila ruhusa alistahili kifo, na marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1866 tu. Niijima Jo, aliyetaka sana kusoma, alitoroka kwa siri kutoka bandari ya Hakodate mwaka 1864. Mwaka 1867 kampuni ya Pacific Mail ikaanzisha safari za kawaida kati ya San Francisco, Yokohama na Hong Kong, kwa meli kubwa za mbao zilizosukumwa na magurudumu ya pembeni. America ilivuka Pasifiki kwa wiki tatu na ushee.

Kwa nini wasichana? Wazo lilikuwa la Kuroda Kiyotaka, kiongozi katika mamlaka ya kuendeleza kisiwa cha Hokkaido. Alikuwa ametembelea Marekani na kuvutiwa na elimu ya wanawake wa huko, akaamini kwamba taifa jipya linahitaji akina mama waliosoma. Serikali iliahidi kugharimia kila kitu kwa miaka 10. Tangazo la kwanza halikupata hata mwombaji mmoja. Watano waliopatikana baadaye walitoka katika familia za samurai, tabaka la wapiganaji, za upande ulioshindwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1868, vilivyoleta serikali mpya. Yamakawa Sutematsu, mwenye miaka 11, alikuwa ndani ya ngome ya Aizu ilipokuwa ikipigwa mizinga. Kwa maoni yangu, familia hizo zilimtoa mtoto kwa sababu njia nyingine za kuinuka zilikuwa zimefungwa.

Wawili wakubwa walirejea kabla mwaka 1872 haujaisha. Watatu walibaki, kila mmoja katika nyumba ya Wamarekani. Ume alilelewa na familia ya Lanman huko Georgetown. Nagai Shige alisomea muziki katika chuo cha Vassar. Sutematsu, aliyelelewa na mchungaji Leonard Bacon huko New Haven, alihitimu Vassar mwaka 1882, akiwa mwanamke wa kwanza wa Japani kupata shahada ya chuo kikuu. Siku ya mahafali alihutubia kuhusu sera ya Uingereza kwa Japani.

Hapa ndipo penye funzo kwa yeyote anayepanga ufadhili wa masomo. Sutematsu na Ume walipofika nyumbani Novemba 1882, mamlaka ya Hokkaido iliyowapeleka ilikuwa imekwisha kuvunjwa mwaka huohuo, na hakuna ofisi iliyokuwa ikiwasubiri. Ume alikuwa amesahau Kijapani, hawezi hata kuzungumza na mama yake bila mkalimani. Kaka yake Sutematsu, Kenjiro, alipelekwa Marekani na mamlaka ileile, akasoma sayansi katika chuo cha Yale; yeye alirudi akawa mwalimu wa fizikia, na mwaka 1901 akaongoza chuo kikuu cha Tokyo. Akili walikuwa nayo wote wawili. Nafasi alipewa mmoja.

Sutematsu aliolewa mwaka 1883 na Oyama Iwao, waziri wa vita, na mwaka uliofuata aliandaa soko la hisani wa kuchangia mafunzo ya wauguzi. Ume alifundisha mabinti wa wakubwa, akarudi Marekani kusoma biolojia katika chuo cha Bryn Mawr, kisha mwaka 1900 akafungua Tokyo shule yake ya Kiingereza kwa wanawake, akianza na wanafunzi 10. Sutematsu alimuunga mkono kama mshauri, na Alice Bacon, binti wa nyumba ile ya New Haven, alivuka Pasifiki kuja kufundisha. Shule hiyo leo ni Chuo Kikuu cha Tsuda, na tangu Julai 2024 sura ya Ume imo kwenye noti ya yeni 5,000.