Krismasi peke yako Mwanza: tunayodanganyana kuhusu kula kwa utulivu

Mwaka wa tatu huu Krismasi inanikuta Mwanza. Kwetu Bukoba, ng'ambo tu ya ziwa, unapanda meli jioni asubuhi ushafika, ila mi nafanya kazi duka la dawa na sikukuu lazima mtu abaki kaunta, na asiye na watoto ndo anabaki. Sasa kuanzia tarehe 26 wateja wengi wanaulizia dawa ya kiungulia na ya tumbo kujaa gesi, na ukiongea nao vizuri unakuta wengi wako kama mimi, mwanachuo wa Nyegezi aliyekosa nauli, mlinzi, dada wa kazi, watu waliokula sikukuu wenyewe chumbani na simu mkononi. Kuna mambo tunaambiana kuhusu kula kipindi hiki, si ya kweli na yanatuumiza, ndo maana naandika.

La kwanza ndo baya kuliko yote: "Uko peke yako, hiyo si sikukuu, kula chochote upitishe siku." Mwaka wangu wa kwanza nilifanya hivyo hivyo. Nilinunua chipsi mayai nikala kitandani naangalia status za nyumbani, mama anamenya ndizi, binamu zangu wamevaa sare, watoto wanakimbizana uwanjani, na nilipokuja kuangalia mfuko umeisha na sikumbuki hata kama zilikuwa na chumvi. Nusu saa baadaye nikafungua biskuti, alafu karanga, alafu mkate. Nikajiona mlafi kweli na nikalia. Ukweli ni kwamba ulikuwa si ulafi. Tafiti zimeonyesha mtu akila huku anaangalia TV au anacheza gemu anakula zaidi, na hata mlo unaofuata anazidisha, kwa sababu ile kumbukumbu ya chakula alichokula haikukaa vizuri kichwani. Tumbo limepokea lakini wewe hukuwepo.

Linalofuatia: "Mtu mpweke ndo anakula sana." Mbona ni kinyume! Watu wanakula zaidi wakiwa na ndugu na marafiki, hili limeonekana tena na tena kwenye tafiti, na we mwenyewe unajua, sinia likiwa katikati stori zinaenda mkono unaenda, shangazi anakuongezea hata hujaomba. Ukiwa mwenyewe unapata nafasi ya kulisikiliza tumbo lako ambayo nyumbani huipati. Shida ya kukaa peke yako ni simu, ni kula saa zisizoeleweka, na wengine shida yao ni kutokula kabisa kutwa nzima, na hao ndo nawaonea huruma zaidi maana hamna anayewauliza umekula.

Alafu kuna hii, ukimwambia mtu ale kwa utulivu anakujibu "ah, hiyo ni diet ya wazungu." Sio diet. Hamna chakula kilichokatazwa, huhesabu kitu, na kama kuna mtu anakuuzia kwamba itakupunguza kilo kumi mwambie asikudanganye, matokeo ya tafiti upande wa uzito yanatofautiana. Ni kula ukiwa upo: unaangalia, unanusa, unatafuna, unajiuliza bado nina njaa au nimetosheka. Na wala hayajaanzia kwa wazungu. Jon Kabat-Zinn wa Massachusetts, Marekani, alianzisha mafunzo yake ya kutuliza akili hospitalini mwaka 1979 na zoezi linalojulikana sana pale ni kula zabibu kavu moja, unaishika, unaitazama, unaitafuna taratibu, ila msingi wake aliuchukua kwenye tafakuri za Wabudha wa Asia. Jirani yangu wa Kirumba ni Mwislamu, nilipomweleza akasema sisi tumefundishwa tumbo theluthi ya chakula, theluthi ya maji, theluthi ya pumzi. Na mi kwetu tulikaa chini kwenye mkeka, ndizi juu ya majani ya mgomba, na bibi ukianza kuharakisha anakushika mkono.

Huna haja ya zabibu. Senene, wale panzi wa kuliwa wa kwetu, msimu wake ndo huu, Novemba na Desemba, mama ananitumia kwenye kindoo kwa mtu anayekuja na meli. Chukua senene mmoja tu. Mtazame rangi, mnuse, muweke mdomoni usimeze haraka, sikia anavyokatika, sikia mafuta na chumvi vinavyokuja baadaye. Nakuambia nilikula senene miaka ishirini na kitu na siku hiyo ndo nilimjua ladha. Au nenda soko la samaki la Mwaloni kachukue sato, mkaange mzima, mle kwa mkono na ugali. Sato hakuruhusu uangalie simu, ukizubaa mwiba umekukaba, kwa hiyo vidole vinatafuta, ulimi unatafuta, unakula dakika ishirini bila kujilazimisha. Watu wa ziwani tumekula kwa utulivu siku zote kwa sababu ya miiba ya samaki.

Na hizo dakika ishirini zina maana. Tumbo likitanuka, mishipa ya fahamu inapeleka taarifa kwenye ubongo, utumbo nao unatoa homoni za kusema imetosha, na yote hayo yanachukua kama dakika 20 kufika vizuri. Ukimaliza sahani kwa dakika tano ukaongeza nyingine, unakuwa umeongeza kabla taarifa ya sahani ya kwanza haijafika.

Ndo maana hii ya "nisile asubuhi ili pilau iingie vizuri" haifai. Unafika saa nane una njaa kali unakula mbio, unapitiliza, jioni uko kwangu kaunta. Na mwenye kisukari anayetumia insulini au baadhi ya vidonge asijaribu kabisa kuruka mlo, sukari inaweza kushuka, anatetemeka, jasho, anachanganyikiwa. (Wanaosema kukaa njaa ndo kunaleta vidonda vya tumbo nao wanakosea, sababu kubwa ni bakteria Helicobacter pylori na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zikitumiwa ovyo. Hili naomba mniamini maana nauza hizo dawa kila siku na watu wanazila kama njugu.)

Soda je? Eti "soda si chakula." Ya kola ya mililita 350 ina sukari gramu 35 hivi au zaidi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi kama gramu 50 kwa siku, ikiwezekana 25. Kunywa, ila ujue umekunywa nini. Na zile chai za kusafisha mwili baada ya sikukuu achana nazo, kazi hiyo ini na figo wanaifanya bure.

Lingine ndo lilinisumbua mwenyewe. Eti njaa ya upweke si njaa, ukiisikia usile. Kweli zinatofautiana, ya tumbo inakuja taratibu na ugali wa jana unaikata, ya moyo inakuja ghafla na inataka kitu kimoja tu, mi huwa inataka ndizi za mama. Lakini kula ndizi kwa sababu umemkumbuka mama si dhambi. Kaa chini, jiambie nimemkumbuka, kula. Inayochosha ni ile ya kula kwa kujificha na kujisema.

Watu pia wanasema kula ukiwa kwenye video call ni kosa, simu ni simu. Mi sikubali, kupekua picha za watu usiowajua na kumuangalia mama yako anakula ni vitu viwili. Mwaka jana tulipika chakula kimoja saa moja, ndizi na maharage, yeye kule mi huku, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai. Akasali, tukala, hatukuongea sana. Katikati akaniuliza, zako zimeiva? Nikatafuna kwanza ndo nikamjibu.