"Mwalimu, hamna kazi hapo?"

Juzi nimeulizwa tena, mlangoni, na kijana aliyehitimu miezi minne iliyopita. Hakuketi, wala hakuwa na wasifu mkononi. Nilipomuuliza anatafuta kazi gani, akajibu, "Yoyote tu." Kabla sijamvutia kiti alikuwa ameshaaga, na sina shaka huko alikokwenda amewaambia wenzake kwamba ofisi yetu ya ushauri wa ajira hapa chuoni ni jina tu.

Dhana hii inanichosha kuliko zote: kwamba ofisi ya ushauri wa ajira ni ghala la kazi, ukibisha hodi unakabidhiwa yako. Hatuajiri mtu, na hatumwamulii mwajiri. Tunachojua ni mwajiri gani hurudi kila mwaka na hurudi lini, hupenda kuuliza nini kwenye usaili, na nani kati ya waliokutangulia yuko kwake sasa. "Yoyote" hainipi pa kuanzia. Niambie, "Nimesomea takwimu, nataka kufanya kazi kwenye sekta ya afya, nimeomba sehemu kumi sijaitwa hata moja." Hapo tuna la kufanya. Usipoitwa kabisa, kwanza naukagua wasifu, na kama nafasi unazoomba zinakufaa. Ukiitwa kila mara na usichukuliwe, wasifu umeshafanya kazi yake. Basi tutakukalisha usaili wa majaribio mpaka uache kujibu kila swali kwa "mimi ni mchapakazi".

Kubwa tulilo nalo ndilo wahitimu wanalolikwepa: orodha ya waliopita chuoni kabla yao. "Simjui huyo, nitamwombaje kazi?" Mwanangu, nani kakwambia umwombe kazi? Mwombe dakika 15 akusimulie alivyoingia hapo alipo. Mwanasosholojia Mark Granovetter aliwahoji watu wa Newton, Marekani, waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, akachapisha matokeo mwaka 1973. Asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja, na asilimia 27.8 kwa nadra sana. Ukifikiri kidogo utaona kwa nini. Rafiki unayeshinda naye anasikia habari zilezile unazozisikia wewe. Yule mliyepishana miaka mitano anakaa na watu usiowajua, na bado mna la kuanzia kuongea, hata kama ni yule mhadhiri wenu mkali.

Ujumbe wa kwanza usizidi sentensi tano, na usiambatanishe wasifu. Nalisema hili mpaka wenzangu ofisini wananicheka. Wasifu uliotumwa bila kuombwa unamwambia mtu kwamba ulichokuja kuuliza sicho unachokitaka.

"Nimeshahitimu, sina haki tena ya huduma za chuo." Uliuliza? Vyuo vingi huendelea kuwahudumia wahitimu, vingine kwa muda maalumu, vingine bila kikomo. Kinachokatika mapema mara nyingi ni barua pepe ya chuo na maktaba ya mtandaoni. Hamisha mafaili yako kabla hayajafungiwa, na kwenye wasifu weka anwani yako binafsi. Hakuna kinachoudhi kama mwaliko wa usaili uliotumwa kwenye sanduku usiloweza tena kulifungua.

"Maonyesho ya ajira ni siku ya kuajiriwa." Ni siku ya kupata majina. Wengi huondoka na kalamu na vipeperushi. Ondoka na jina la mtu mmoja uliyezungumza naye vizuri, kisha mwandikie kesho yake ukimkumbusha mlichozungumza.

"Ofisi iliupitisha wasifu wangu, natuma huohuo kila mahali." Tuliupitisha kwa tangazo ulilotuonyesha. Tangazo likibadilika, nao ubadilike. Na ondoa majedwali na mapambo hayo. Baadhi ya programu zinazopokea maombi hushindwa kuyasoma vizuri, maneno yakavurugika.

Halafu wadhamini, wale unaowataja kwenye maombi wakushuhudie kwa mwajiri. Sijui nani aliwaambia lazima awe mkuu wa idara. Mkuu wa idara anayekufahamu kwa namba ya usajili ataandika barua ambayo ingemfaa mwanafunzi yeyote. Mfuate mhadhiri aliyesimamia utafiti wako, anayekumbuka ulivyokwama na ulivyojikwamua. Umwombe kabla ya kuandika jina lake, si baada ya mwajiri kumpigia. Mpe tangazo, wasifu, tarehe ya mwisho na wiki mbili. Mwaka jana mhadhiri mmoja alipigiwa simu kuhusu mhitimu ambaye hakumwambia lolote, akasema ukweli wake: "Nipe muda nimkumbuke." Mwajiri hakupiga tena.