Hiyo njia ya mwendokasi haiko tupu, ndugu yangu

Alhamisi jioni nilikuwa kwenye kikao cha harusi, Sinza. Mjumbe mmoja kaingia kachelewa dakika arobaini, na kabla hajavuta kiti akaanza: "Foleni ya Morogoro Road ni ya kujitakia. Ile njia ya mwendokasi iko tupu, wangetufungulia tupite." Kikao kizima kikaitikia. Kazi yangu ni kuhesabu magari, na maneno hayo nayasikia tangu mwendokasi, yale mabasi ya Dar es Salaam yenye njia yao peke yao, uanze Mei 2016: kinyozi, msibani, hata kwa daktari wa meno, nikiwa nimeachama na siwezi kujibu. Pale Sinza nilinyamaza kwa heshima ya mama wa bibi harusi. Hapa sinyamazi.

Basi refu, lile la mita 18, likienda kilomita 50 kwa saa linakupita kwa sekunde moja na ushee. Limekwenda, na wewe umebaki unakodolea lami. Upande wako hauonekani mtupu kwa sababu magari hayaendi.

Tuhesabu. Njia moja kwenye taa, ikipewa kijani saa nzima bila kukatika, inatoa magari kama 1,800. Kijani cha saa nzima hakuna. Nakupa asilimia 40, na hapo nimekuwa mkarimu, maana afande akiamua kuongoza kwa mkono anaita upande mmoja mpaka wengine mnazima injini. Yanabaki magari 720. Kila gari naweka watu wawili, ingawa ukisimama Magomeni saa moja asubuhi ukachungulia vioo, wengi wako peke yao. Jumla watu 1,440. Basi refu likijaa linabeba kama 140, kwa hiyo mabasi kumi tu yanakaribia kulingana na njia yenu iliyofurika. Mabasi kumi kwa saa ni basi moja kila dakika sita. Likija kila dakika tatu, limewazidi karibu mara mbili, na bado ukitazama dirishani utaapa hakuna kitu.

"Sawa, basi tupite katikati ya mabasi." Hapa ndipo huwa napandwa na presha. Watu wanadhani njia ile ni ya kumfikisha abiria mapema, basi. Hapana, kazi yake kubwa ni kuzalisha safari. Chukua mabasi 30 (ni mfano, msinitafutie kwenye ripoti). Kwenda na kurudi ikiwa dakika 90, kituoni linapita basi kila dakika tatu. Waingize wenye magari, mzunguko ufike dakika 120: mabasi ni yaleyale, madereva walewale, mafuta yameongezeka, lakini sasa ni kila dakika nne. Kituoni watu wanarundikana, na wakirundikana kupanda kunachukua muda zaidi, basi linachelewa zaidi, lililoko nyuma linalifikia, yanaingia mawili pamoja: la mbele limeshonana, la nyuma lina nafasi. Abiria aliyechoka hapo hafanyi maandamano. Anakopa, ananunua kigari, na kesho asubuhi yuko mbele ya bampa lako. Umemfungulia mlango mwenyewe.

Na kupanua msiniambie. Kimara hadi Kibaha barabara imepanuliwa kuwa njia nane, na wanaotoka huko asubuhi bado wanakuja kubanana wakiingia mjini.

Baiskeli nitasema haraka. Kilomita nne ni dakika kama ishirini bila kujiua. Jua mnalolisingizia ndilo linalompiga anayetembea kwa miguu, na wauza samaki wanatoka Feri na baiskeli juani, tenga nyuma. Kinachomshinda mwendesha baiskeli ni ile njia aliyojengewa kandokando ya Morogoro Road: akiingia anakuta bodaboda, meza ya chipsi, na gari la mtu "anayeshuka dakika moja".

Sasa nijichome mwenyewe. Ile 140 yangu ni ya watu sita kwenye mita ya mraba. Chora mita moja kwa moja sakafuni kwa chaki, ita watu wa nyumbani kwako, simameni sita. Jaribuni na pochi. Dada yangu aliacha kupanda kwa sababu ya mikono ya watu, na mimi na vitabu vyangu sikuwa na la kumjibu. Halafu hesabu yote inasimama juu ya sharti moja, kwamba basi litakuja. Kuna asubuhi nimesubiri mpaka njia ikawa tupu kweli, tupu ya kuchezea mpira, na aliyekuwa kwenye gari lake pembeni alikuwa na haki ya kunicheka. Dawa yake ni mabasi. Lakini siwezi kumlaumu mtu asiyeona tofauti akiwa dirishani, maana tupu ya dakika mbili na tupu ya dakika arobaini zinafanana.

Tena nina gari. Nakaa Goba, na mtu asinidanganye kwamba kushuka ule mlima usiku na mtoto amelala begani ni sawa na kushuka kituoni Manzese Tip Top. Siku za kazi naliacha kwa rafiki, napanda basi. Siku nyingine siliachi.

Mjumbe wangu akanifuata nje, tunavaa viatu. "Basi hata usiku wasifungue, kaka?" Saa nne usiku upande wako hauna foleni. Hiyo njia unaitaka ya nini?