Cheti cha NGO si msamaha wa kodi

Viongozi wengi wa mashirika yasiyo ya kiserikali Tanzania wanaamini kwamba wakishapata cheti cha Msajili wa NGO, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) haiwahusu tena. Imani hiyo imeyatia mashirika mazuri kwenye madeni yasiyo ya lazima, na inauma kuona fedha za dawa au madawati zikiishia kwenye faini.

Usajili ni jambo moja, hadhi ya kodi ni jambo jingine. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, shirika hutambuliwa kuwa la hisani pale Kamishna Mkuu wa TRA anapotoa uamuzi wa maandishi. Lazima uombe, na uonyeshe kuwa kazi yako ni kama kupunguza umaskini, kutoa elimu au kuhudumia afya ya umma.

Hata ukishaupata uamuzi huo, bado una wajibu wa kukata kodi za watu wengine. Chukua shirika lililopanga ofisi kwa shilingi 500,000 kwa mwezi: linakata 10%, yaani 50,000, linaipeleka TRA, na mwenye nyumba anapokea 450,000. Wengi hulipa kodi yote ya pango mkononi, kisha mkaguzi anapokuja, 50,000 za kila mwezi zinadaiwa kwao. Mishahara nayo hukatwa PAYE, yaani kodi ya mapato ya mfanyakazi, ikipelekwa TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Na ritani ya mwaka, yaani taarifa ya mapato kwa TRA, inawasilishwa hata kama hamkupata faida yoyote.