Je, wajua kwa nini pesa ya Maskati hufika Wete, Pemba, ikiwa pungufu?

Binti anayefanya kazi za ndani Maskati akipata Ijumaa ya mapumziko, hupita dukani kwa wabadilisha fedha na kutoa riali 50. Hajarudi hata kwa kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini kuingia Oman, simu ya mama yake Wete imeshalia: ujumbe umeingia. Pesa imeipita boti ya Unguja hadi Mkoani kwa masaa. Ila mama akipiga hesabu, anaona haikufika yote. Imepunguzwa wapi, na nani kaichukua?

Kwanza tuweke sawa jambo moja: pesa yenyewe haikusafiri. Zile noti za riali zimebaki kwenye droo ya duka Maskati. Kilichovuka bahari ni taarifa tu, kwamba mpe fulani kiasi fulani. Shilingi alizokabidhiwa mama zilikuwa Pemba tangu asubuhi, kwenye kasha la wakala. Kampuni ya Maskati na benki au kampuni ya simu ya Tanzania huandikiana madeni kama muuza duka na jirani anayekopa unga, kisha hulipana kwa jumla kupitia akaunti zao za benki, mara nyingi kwa dola. Ndiyo maana inachukua dakika, na ndiyo maana umbali si sababu ya gharama.

Sasa hesabu. Tuseme riali moja sokoni ni shilingi 6,500, hivyo riali 50 ni shilingi 325,000. Duka linatoza ada ya riali 2, yaani shilingi 13,000. Hii imeandikwa kwenye risiti na binti ameilipa juu ya zile 50. Lakini bei ambayo duka limetumia kubadilisha si 6,500, ni 6,370. Mama anapokea 318,500. Zile shilingi 6,500 zilizopungua hazimo kwenye risiti yoyote. Ukijumlisha, safari imekula shilingi 19,500, asilimia 6 ya pesa iliyotumwa. Na hapo hatujataja ya kutolea. Kila mtu Pemba anajua kuwa mtumaji muungwana hutuma na ya kutolea, ila kuna siku wakala wa Wete hana pesa taslimu na mama anapanda gari hadi Chake. Nauli hiyo haiingii kwenye takwimu za mtu yeyote.

Anayeumia zaidi ni mwenye kidogo. Ada ile ile ya riali 2, kwa mhandisi anayetuma riali 200, ni asilimia 1 tu. Kwa mfanyakazi wa ndani ni asilimia 4. Kwa sababu hiyo Benki ya Dunia, inapolinganisha gharama za nchi mbalimbali, hupima kwa kiasi kidogo cha dola 200, na kwa kipimo hicho Afrika kusini mwa Sahara imekuwa miongoni mwa sehemu ghali kuliko zote duniani, wastani wa karibu asilimia 8.

Wakubwa wa dunia wanalijua hili siku nyingi. Mwaka 2009, mjini L'Aquila, Italia, nchi za G8 ziliahidi kuishusha gharama kutoka asilimia 10 hadi 5 ndani ya miaka mitano. Miaka mitano ikapita. Mwaka 2015 ahadi ikaandikwa upya kwenye Lengo la 10 la Malengo ya Maendeleo Endelevu, safari hii chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Desemba 2018, Marrakesh, Moroko, ikarudiwa tena kwenye mapatano ya Umoja wa Mataifa kuhusu uhamaji, lengo la 20. Kwa binti wetu, asilimia 3 ingekuwa shilingi 9,750, na nusu iliyobaki ingekwenda kwa mama. Nikiri kwamba ahadi inayoandikwa mara tatu hunitia shaka zaidi kuliko inayoandikwa mara moja.

Sehemu ya tatizo ni kwamba mkono mmoja wa dunia unavuta huku na mwengine kule. Oktoba 2022 Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu na FATF, chombo cha kimataifa kinachopambana na utakatishaji wa fedha. Nchi ikiingia humo, benki za nje huongeza maswali na ukaguzi kwa kila muamala, na baadhi huona bora kuachana na biashara yenyewe. Ukaguzi una gharama, na gharama humshukia mtumaji. Tanzania iliondolewa kwenye orodha Juni 2025. Nani atasema kuwa utakatishaji usizuiwe? Lakini anayeulizwa maswali mengi mara nyingi ni mwenye riali 50.

Hapo ndipo hawala inapopata wateja. Unampa mtu riali Maskati, anampigia mwenzake Darajani, Unguja, au Wete, mzee wako anapewa shilingi siku hiyo hiyo, aghlabu kwa bei nzuri. Wenyewe hufidiana kupitia biashara: mfanyabiashara wa Unguja anataka dirhamu za kununulia mzigo Dubai, analipa shilingi huku, anapewa dirhamu kule. Ni njia ya kale na inajengwa juu ya kuaminiana. Tatizo ni kwamba kuendesha huduma hiyo Tanzania bila leseni ya Benki Kuu ni kosa, na siku mtu wa kati akizima simu huna risiti wala pa kushitakia.

Mpaka hapa tumeizungumza pesa. Aliyeituma je, siku akirudi?

Yeye havuki kwa dakika. Kuondoka kwake tu kumepita milango ya serikali mbili. Kazi na ajira si jambo la Muungano, hivyo mambo ya mkataba wake ni ya wizara ya kazi ya Zanzibar. Pasi ya kusafiria, uhamiaji na ubalozi wa Maskati ni mambo ya Muungano. Akifika, anakuwa chini ya kafili, na sheria mpya ya kazi ya Oman ya mwaka 2023 haimhusu mfanyakazi wa ndani. Huyo ana kanuni zake mbali. Akidhulumiwa mshahara, aliyeidhinisha karatasi yuko Unguja, anayeweza kugonga mlango wa wizara ya Oman ni balozi wa Muungano, na yeye yumo ndani ya nyumba ya watu.

Akirudi Wete baada ya miaka minne, anakuta nyumba aliyokuwa akiitumia pesa imesimama kwenye linta. Si lazima awe ameibiwa. Bibi aliugua, mdogo wake alitaka ada ya skuli, kulikuwa na arusi, bei ya saruji ikapanda, na pesa ya ujenzi ikaliwa kidogo kidogo na watu wenye shida za kweli. Ugomvi unaofuata ndio unaovunja familia, kwa sababu hakuna aliyeandika. Kisha mtaa nao una maneno: karudi na nini, kwa nini mapema, huko alifanywa nini. Amejifunza Kiarabu, amemuuguza mzee mwenye kiharusi, anajua kupika kwa wageni thelathini, lakini hana cheti hata kimoja cha kumuonesha meneja wa hoteli Nungwi.

Pemba inaujua urejeaji wa aina nyengine. Baada ya mauaji ya Januari 2001, polisi walipowapiga risasi waandamanaji, watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Wale walikuwa wakimbizi. Walikuwa na mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951 na shirika la Umoja wa Mataifa lenye jukumu lao, UNHCR, na wengi walirejea. Mfanyakazi anayerudi na begi lake hana shirika la namna hiyo. Upo mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1990 wa wafanyakazi wahamiaji, na kifungu chake cha 67 kinazitaka nchi zishirikiane ili anayerudi aweze kusimama tena kwao. Hakuna hata nchi moja ya Ghuba iliyouridhia. Mapatano ya Marrakesh nayo yanasema hivyo kwenye lengo la 21, na lengo la 22 linataka haki za hifadhi ya jamii zimfuate mtu anapohama, ila hayamfungi mtu kisheria.

Ufilipino, ambayo raia wake wamejaa kwenye nyumba hizo hizo za Maskati, haikungoja mikataba. Ina mfuko wa ustawi, OWWA, unaochangiwa dola 25 kwa kila mkataba wa kazi, chini ya riali 10. Mfuko huo ndio husaidia kumrejesha aliyekwama, na una mafunzo na mikopo kwa aliyerudi. Mchango unakatwa mtu akiwa anaondoka, wakati karatasi zake zote ziko mezani.

Zanzibar ikitaka kitu kama hicho, fedha si kizuizi cha kwanza. Kizuizi ni kukubaliana nani akusanye: wizara ya Unguja inayoshughulikia mkataba, au ubalozi utakaotumwa siku binti akikwama. Mmoja akikusanya na mwengine ndiye mwenye kutumwa, mfuko utaishia kwenye barua za ofisi. Wakati hilo halijaamuliwa, binti anayeondoka anaweza kufanya mawili: afungue akaunti yenye jina lake mwenyewe, mbali na ile ya matumizi ya nyumbani, na akiwa dukani Maskati asiulize ada ni kiasi gani. Aulize mama atapokea shilingi ngapi.